Zamu Isiyopokelewa

Siku iliyofuata mazishi ya binti yake, dobi wa hospitali alifua mashuka arobaini na mawili, akayaanua saa tisa alasiri, akayapandisha mwenyewe hadi wodi ya ghorofa ya pili kwa sababu lifti ilikuwa imeharibika tangu mwaka juzi. Binti yake alikuwa kwenye meza ya wauguzi, akijaza karatasi za joto la wagonjwa.

"Tulikuzika jana," dobi alisema, akiweka mashuka chini.

"Najua, mama. Lakini sijapokelewa zamu."

Kila mtu hospitalini aliifahamu sheria hiyo. Muuguzi haachi wodi mpaka mwenzake aje, wapite pamoja kitanda kwa kitanda, kisha wote wawili watie saini kwenye daftari la makabidhiano. Binti alianguka koridoni siku ya Jumatatu kabla zamu haijaisha, akafa Jumatano katika wodi hiyo hiyo. Daftari lilikuwa na saini yake ya kuingia tu. Aliyepaswa kumpokea alikuwa nyumbani, homa imemlaza. Mwingine hakuwepo. Ombi la wauguzi wapya lilitumwa wizarani zamani, na ugonjwa wa mlipuko ukafika kabla ya majibu.

Wagonjwa hawakuona ajabu. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini ni afadhali kuliko hakuna kabisa, awe hai asiwe hai. Huyu hakuhitaji barakoa, yake akampa mfagizi. Hakwenda kula wala msalani. Viganja vyake vilikuwa baridi, na wenye homa kali walivigombania.

"Nesi, nishike tena hapa," alisema mzee wa kitanda cha tisa, ambaye mashine yake ya oksijeni ilizima kila umeme ulipokatika.

Ila maiti nao huchoka, watu hawajui tu. Siku ya nne dobi aliona udongo ukimdondoka binti pembeni mwa mdomo kila aliposema neno. Siku ya sita magoti yake yalikuwa yakilia alipoinama. Siku ya saba alimshika mama yake mkono.

"Mama, nina usingizi."

Alipokuwa mdogo alikuwa mkaidi wa kulala. Dobi alikuwa akimbembeleza mpaka anasinzia yeye mwenyewe. Sasa mtoto anauomba usingizi, na mama hana wa kumpa. Dobi aliumia mpaka akakosa pa kutazama.

"Nipe hiyo kalamu, nikupokee mimi."

"Na mashine ikizima, huyu wa tisa utamfanyaje?"

Dobi akairudisha kalamu mezani.

Akaenda kwa katibu wa hospitali. Katibu, mtu mpole, alimpa kiti, akampa pole, akafungua jalada.

"Mama, siwezi kuomba mtu mwingine. Nafasi haiko wazi."

"Mwanangu amekufa, baba."

"Tunalijua hilo. Msibani si nilikuja mwenyewe? Lakini wizara inauliza kitu kimoja tu: wodi ina mtu au haina? Wodi ina mtu." Akashusha sauti, kama anayetoa sifa. "Na tangu afe, hajakosa hata siku moja."

Watu husema punda afe, mzigo ufike. Hapa punda alishakufa, na mzigo ulikuwa bado mgongoni. Dobi alishuka ngazi akimwomba Mungu alete mtu yeyote. Alisema hivyo hivyo, yeyote.

Siku ya tisa, saa nane mchana, yule muuguzi mwenzake binti, aliyekuwa na homa, aliingia wodini, nywele zimechanwa, viatu safi.

"Habari za zamu?"

"Salama. Umepona?"

"Hapana. Nimezikwa asubuhi."

Wakapita kitanda kwa kitanda. Kwa yule wa tisa walikaa zaidi, binti akionyesha namna ya kuipiga mashine ubavuni ili iwake. Kisha wakatia saini, mmoja baada ya mwingine. Dobi alikuwa amesimama mlangoni na mashuka yake, moyo ukimruka kwa furaha. Kufa kufaana, wahenga walisema. Aliona aibu, aibu kubwa, na furaha haikuondoka.

Alimshika binti mkono hadi makaburini. Binti akavua viatu, akajilaza, akausitiri uso kwa kiganja, akapitiwa na usingizi kabla mama yake hajamaliza kumsawazishia udongo.

Aliporudi kazini alimkuta mwanamke wa makamo ameketi kwenye ngazi za wodi, mkoba mapajani, macho yamevimba.

"Samahani, dada," mwanamke alisema. "Wangu ameingia zamu hapo juu leo mchana. Wanatoka saa ngapi?"

Dobi aliitazama ratiba iliyobandikwa ukutani. Chini ya jina la muuguzi yule hapakuwa na jina lingine.

"Akipokelewa," alisema, akaketi kando yake.