Mchango Mkavu

Kwanza niseme wazi: hakuna mutu aliyeiba. Chama chetu cha kusaidia watoto wenye kansa hakina mwizi, na anayesema kina aje aniambie usoni mi Ernestine, Mama Espoir. Nauza vitenge mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura, duka liko wazi kutwa.

Shida yetu ilikuwa Fanta.

Wafadhili wa Ubelgiji walikubali kumlipia Carmen dawa zote zilizobaki, ila wakataka mutu akague hesabu zetu kwanza. Carmen ana miaka sita. Ana kansa ya damu, na dawa tulizokuwa nazo zilikuwa za mwezi ule tu. Wakamtuma Bwana Révérien wa Gihosha, mwembamba, shati limenyooshwa mpaka linakera. Mweka hazina ni mi, basi nikamletea risiti zote. Akasoma, akasoma, akavua miwani.

“Mama Espoir, hela za watoto ziko wapi?”

“Si hizo umezishika?”

“Hizi ni risiti za vinywaji.”

“Ndiyo. Vya wageni.”

Nikamweleza, kana kwamba yeye si Mrundi. Mutu akija kuchanga, unampa kinywaji. Utamwachaje mutu aliyekuletea hela aondoke koo kavu? Akija na mke wake, chupa mbili. Akiwa mutu mzima, bia. Akitoa hotuba, anaongezwa.

“Kwa hiyo analeta elfu tano, anakunywa elfu nne,” akasema.

“Wengine wanakunywa kidogo.”

“Na wengine?”

Tonton Akilimali, muuza mchele wa jumla, mjomba wa kila mutu, anapenda sana hotuba. Peke yake alikuwa ametutia hasara kubwa, tena kwa moyo safi kabisa.

Bwana Révérien hakucheka. Alisema Jumapili atakuja kwenye mkutano wetu wa Mutanga Sud. Watu wakichanga bila kunywa, ataandika kwamba tunaaminika. Wakikataa, dawa hakuna. Nilikasirika, wee! Nikamwambia anatufundisha uchoyo. Lakini nilipofika nyumbani nikamkumbuka Carmen na kichwa chake kisicho na nywele, anavyoniita “tantine”, yaani shangazi, kwa madaha, nikaanza kuogopa kweli.

Jumapili nikasimama mbele ya watu waliotoka kanisani wamependeza. “Leo hakuna kinywaji,” nikasema.

“Hata ya baridi kidogo?” akauliza Tonton Akilimali.

“Apana.”

“Hata maji?”

“Maji utakunywa kwako, tonton!”

Watu wakaangaliana. Mama mmoja akachukua mkoba wake. Akilimali akasimama, akapandisha suruali, akaelekea mlangoni, na mi nikaona dawa za mutoto zinatoka pamoja naye.

Kabla hajafika, akaingia Amandine, mama yake Carmen, ametoka moja kwa moja hospitali. Kichwani alikuwa na kreti nzima ya Fanta.

Bwana Révérien akainua kalamu. “Hiyo imenunuliwa na hela za chama?”

“Apana, patron,” akasema Amandine, anahema. “Nimeuza simu yangu. Nilisikia leo hakuna kinywaji. Watu wamchangie mutoto wangu, halafu waondoke hivihivi? Mi nitawatazama na macho gani?”

Jamani! Simu ile ndiyo madaktari walikuwa wanampigia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Siku zote hizo tulikuwa tunakunywa dawa za watoto, tunashushia na hotuba, halafu tunapigiana makofi.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Lakini utakataaje kinywaji alichokupa mama mwenye mutoto mgonjwa? Ni kumtukana. Akilimali akarudi polepole. Akafungua chupa moja tu, akanywa funda dogo, akampa aliyekuwa karibu naye.

“Tunywe wote pamoja,” akasema, “kama pombe ya mtungi.”

Chupa ikazunguka chumba kizima, kila mutu analowesha midomo tu. Halafu Akilimali akaweka noti zake mezani, akakaa. Hakuhotubia! Nikadhani anaumwa. Wengine wakafuata, hata yule mama wa mkoba, na meza ikajaa.

“Hizi zilizobaki tunazirudisha depo,” nikamwambia Amandine, “ukakomboe simu yako kabla haijauzwa kwa mwingine.”

Bwana Révérien alikuwa anakusanya karatasi zake. “Mama Carmen,” akasema, “hela za chama leo hazikunywewa. Ripoti naiandika leo. Dawa zitakuja.”

“Zote?”

“Zote.”

Amandine akashika meza kwa mikono miwili. Machozi yakamshuka, hakuyafuta. Akanigeukia mi kwa ukali kabisa.

“Mama Espoir, mkalishe huyo! Mutu anayenirudishia mutoto wangu haondoki na funda moja!”

Nikamfungulia chupa nzima. Nililipa mi mwenyewe.