Mkanda Usio na Kifuniko

...na kiganja bado kiko pale pale, juu ya swichi nyekundu, Mutindi hakiondoi, hata kama Wathome msimamizi anafoka mpaka mate yanamruka, "Mama Mbithe, washa hiyo mashine, lori zinangoja!", zingoje, mawe ya Mavoko hayaozi, Bwana nisamehe kiburi, lakini zingoje... mashine ya kokoto haijawahi kuzimwa na mfanyakazi mpaka leo, na kimya chake kinamlia masikioni, siku ile mwenzao Kitheka alipoumia hakukuwa na kimya, mkanda uliendelea kuzunguka na glavu ya Kitheka ndani yake, na vidole vitatu ndani ya glavu, na yeye Mutindi, mwenye kuongoza sala hapa kila asubuhi, akasema ni mapenzi ya Mungu, kwa mdomo huu huu, na kifuniko cha mkanda alikuwa amekifungua yeye, ili jiwe likikwama litolewe upesi, halafu kifuniko hicho cha bati akakipeleka jikoni, kikakinga moto upepo vizuri sana pale wanapopikia muthokoi, mahindi na maharage yao ya mchana... wote walikula, hakuna aliyeuliza, na karani wa kampuni alipoandika "uzembe wa mfanyakazi" yeye akatia sahihi kama shahidi, Mungu hakupeleka bati jikoni, Mutindi, ni wewe, "Leo unafutwa, unanisikia?", Wathome huyo, na Kaluki nyuma, Kaluki asiyenyamaza hata kanisani, "Bosi, si uweke mkono yako kwa mkanda kwanza tuone!", wanawake wanaangua kicheko... Jumapili iliyopita wafanyakazi walipotaka awe mwakilishi wao wa usalama aliwaambia yote, bati, muthokoi, sahihi, akangoja wamteme, na Kitheka akasimama, akainua ule mkono wa vidole viwili, "Huyu ndiye anajua vile inatokea, mchagueni," ukumbi wa parokia ukapiga makofi, yeye akalia kama mtoto... na sheria wamesomewa, penye hatari mfanyakazi ana haki ya kusimamisha kazi, na mkanda bado hauna kifuniko, basi mbona ameamka alfajiri kumwomba Mungu ruhusa ya kitu alicho nacho tayari, "Washa, nimesema!", sauti ya Wathome imekuwa ndogo, au ni masikio yake yameacha kuiogopa, akina mama wameketi juu ya kokoto, mmoja, mwingine, wote, na ng'ambo kule mashine ya Munyao inakohoa, inakohoa tena, imekufa, ameizima, Munyao mwoga kuliko kuku, mbili sasa, Bwana, miaka kumi na moja nimekuomba uilinde mikono yetu, na Wewe ulikuwa umenipa mkono huu, lori bado zinanguruma langoni, Wathome bado amemsimamia kichwani, swichi bado iko chini ya kiganja, "Haiwaki leo, mzee," anasema Mutindi, polepole, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya kanisa.