Waliyosemeshwa Wadi ya Pili

Afande Kadii alikuwa na mdomo. Si mdomo wa kulia sima tu, huo kila mtu anao. Wake ulikuwa wa kumchekesha maiti akaomba arudishwe nyumbani akawasimulie wenzake. Kwao Ganda, akiingia matangani, wenye kilio walimkalisha mbali na jeneza. Na katika lile gereza dogo la wanawake nje ya Malindi, ambalo jina lake tutaliacha lilale, askari wenzake hawakunywa chai ya saa nne mpaka Kadii awe amefika na kitu cha kuwaliza kwa kicheko.

Tena alikuwa na kalamu. Alimaliza kidato cha nne na Kiswahili akakipasua vilivyo, kwa hiyo wanawake wasiojua kuandika walimwendea yeye. Barua ya mume, barua ya mtoto, barua ya rufaa, zote za Kadii. Yeye aliandika, wao walibonyeza dole gumba. Kidau cha wino kilikuwa kimoja tu gereza zima, kilikaa ofisini kwa Okoth karani, na Okoth alikiazimisha kama mtu anayeazimisha meno yake. Ndipo ukazuka utaratibu: kila Jumanne kidau kilitoka nusu saa, wanawake wakapanga foleni, wakabonyeza vidole chini ya karatasi tupu. Maneno yalikuja baadaye. Hakuna aliyeona ajabu. Walimwamini.

Basi akaletwa Janet.

Janet alikuwa msusi wa Malindi mjini, mrefu, mwenye mikono mizuri, na kitambulisho kilichosema Peterson. Alikuwa mahabusu, kesi yake haijasikizwa: alimpasua mwanamume kichwa kwa chupa katika baa moja kule Gongoni. Mwenyewe alisema yule mtu alianza kwa kumvua wigi, na hakuishia kwenye wigi. Tangu aache shule aliishi kama mwanamke, na polisi walipoona gauni wakamleta kwa wanawake. Langoni ndipo mambo yalipokwama. Mahabusu wa kike hupekuliwa na askari wa kike, na Kadii na mwenzake walisimama pale kama watu waliopewa sahani ya moto, kila mmoja akimwambia mwingine, "Anza wewe."

Mkuu wa gereza, Madam Abigael, akamtia wadi ya pili kwa muda. Hakimu naye akataka vitu viwili kabla ya kuamua akae wapi: ripoti ya daktari, na kauli ya wanawake watakaolala naye chumba kimoja.

Kwenye chai ikawa bunge. Mmoja alisema mwanamume ni mwanamume hata umtie hina mpaka magotini. Mwingine akajibu, "Haya, mpelekeni basi kwa wanaume, kesho mkamchukue na beseni." Madam Abigael akawakatiza.

"Kadii, wewe ndiwe mwenye kalamu. Kawasikilize, uniletee walivyosema. Walivyosema wao, si wewe."

"Madam, mimi tena! Mimi ni bomba tu, maji yapita."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Janet aliambiwa akae nje kwenye mfereji afue, na wanawake kumi na mmoja wa wadi ya pili wakasema yao. Kadii aliwasikiliza, na kwa kweli aliwasikiliza vizuri.

Nyevu, kijana wa wizi wa simu, alisema, "Mimi nimesukwa bure kichwa kizima. Akienda, mtanisuka nyinyi na vidole hivyo vya kushika rungu?"

Wangu, mtu wa bara aliyekuwa na kesi ya pombe, hakucheka. "Mimi sitaki. Simchukii. Lakini kuoga mbele yake siwezi, na msinilazimishe nione ni sawa."

Wengine wakaegemea huku, wengine kule. Mwisho akasema Mama Zipporah wa Vitengeni, mkubwa wao wote, mwanamke wa maneno machache.

"Afande, mwanangu, mimi niliingiliwa na mwanamume shambani kwangu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Huyu akikohoa usiku, ile sauti nzito, moyo waruka. Siwezi kukudanganya. Lakini kule kwa wanaume watamuua. Andika hivi: mimi nihamishwe nilale kule mwisho, dirishani. Bafuni patiwe pazia. Naye abaki."

"Nimeandika, mama."

Hakuwa ameandika. Alikuwa ameyatia kichwani. Vidole kumi na kimoja vikabonyezwa chini ya karatasi mbili tupu, moja ya kauli na moja ya akiba, na kidau kikarudi kwa Okoth.

Saa nne ya Jumatano Kadii alikuwa na karatasi mbili na wenzake sita wanaosubiri kucheka. Akachukua ile ya akiba, akaandika huku akitamka, kwa sauti ya mwanamke wa kijijini aliyebanwa na pua:

"Sisi wanawake wa wadi ya pili, tangu tuletewe jogoo huyu aliyevaa gauni, usingizi tumeuaga. Akikohoa, twajifunika mpaka nyayo. Mheshimiwa, banda la kuku likitiwa jogoo, mwenye banda asije akauliza mayai yametoka wapi. Twaomba aondolewe leo, kesho ni mbali."

Chai ilimwagika. Mwenda, dereva wa gari la gereza, alitoka nje akacheke vizuri. Kadii akaitia karatasi ndani ya faili, juu ya ile tupu, akasema ataandika ya kweli jioni.

Jioni ikaja simu kutoka Ganda: shangazi yake amefariki. Akaomba ruhusa, akaondoka. Alhamisi Okoth alidaiwa kauli na mahakama. Akafungua faili, akaona maandishi, akaona vidole kumi na kimoja. Okoth hakuwa mtu wa kusoma, alikuwa mtu wa kugonga muhuri. Akagonga. Madam Abigael, aliyekuwa anakimbilia mkutano Mombasa, akatia sahihi penye muhuri.

Ijumaa Kadii aliporudi akaikuta ile tupu peke yake. Hapo ndipo tungemsamehe, msomaji, lau angekimbia. Hakukimbia. Alisimama na faili mkononi, akajiambia hakimu ni mtu mzima, ataona ni mzaha, ataitupa. Akiisema, itabidi aeleze pia habari ya vidole na karatasi tupu. Akanyamaza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kwa mara ya kwanza wenzake walikunywa chai kimya, wakadhani ni msiba wa shangazi.

Jumatatu yeye ndiye aliyepangwa kuwasindikiza Janet na Nyevu mahakamani. Ukumbi ulijaa. Karani wa mahakama akaisoma ile kauli, na kwa bahati mbaya alikuwa msomaji hodari. Alipofika kwenye jogoo, mtu mmoja nyuma alikohoa kicheko. Alipofika kwenye mayai, ukumbi mzima ulipasuka. Kadii aliyajua yale mapigo ya kicheko, alikuwa ameyapima mwenyewe, neno kwa neno. Hakuwahi kuyasikia akiwa amekaa karibu na anayechekwa. Janet aliinamisha kichwa taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka.

Hakimu, mama mwenye miwani, aligonga meza. "Kimya! Maneno haya ni ya wanawake wenyewe? Afande, wewe wafanya kazi wadi hiyo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Haya ndiyo waliyosema?"

Kadii alitazama meza. Madam Abigael alikuwa ametia sahihi. Okoth alikuwa amegonga muhuri. Watu sitini walikuwa wakimtazama.

"Ndiyo, mheshimiwa."

Hakimu akashusha pumzi. Akaamuru kwamba, kwa kuwa wanawake wote kumi na mmoja wanahofu, na ripoti ya daktari haijafika, mahabusu apelekwe kwa wanaume, atengwe ikiwezekana, mpaka kesi itajwe tena.

Garini Janet alikaa na pingu mapajani. Hakulia. Walipokuwa wanakaribia lango la gereza la wanaume akauliza polepole, "Afande, hata Mama Zipporah?"

Kadii akatazama nje ya dirisha.

"Juzi alinipa nusu ya sabuni yake," Janet akasema. "Nilidhani…" Mwenda akapiga honi lango lifunguliwe.

Kadii alitamani Nyevu, aliyekuwa kiti cha nyuma, asiwe na masikio. Lakini Nyevu alikuwa nayo mawili, na ulimi juu. Walipofika wadini wenziwe wakamzunguka.

"Janet yuko wapi?"

"Amepelekwa kwa wanaume," Nyevu akajibu. "Ati sisi ndio tuliosema. Ati jogoo ametiwa bandani, ati mayai! Nani alisema hivyo humu?"

Wanawake wakatazamana. Wangu, yule aliyekataa kuoga na Janet, ndiye aliyekasirika kwanza. "Mimi nilisema sitaki, na nilisema kwa heshima. Jogoo nani?"

Mama Zipporah hakumtazama Nyevu. Alimtazama Kadii, aliyesimama mlangoni na funguo.

"Kidole changu kiko pale, afande?"

"Mama, ilikuwa…"

"Nakuuliza kidole."

"Kiko."

"Nilikwambia jambo ambalo hata wanangu hawalijui." Sauti yake haikupanda. "Uoga wangu nilikupa ukauandike. Wewe ukaenda kuuchezea ngoma, ukamfukuza nao mtu. Sasa wakimfanyia yale niliyofanyiwa mimi, aliyewatuma ni mimi. Kwa kidole changu."

Kadii alifungua mdomo. Ule mdomo, msomaji, wa kufufua maiti. Haukutoa kitu. Alifunga mlango akasimama upande wa pili, mgongo ukutani.

Kesho yake asubuhi alimngoja Madam Abigael langoni, akamwambia yote akiwa wima: karatasi tupu, chai, siku tatu za kunyamaza, na ile "ndiyo, mheshimiwa". Madam alisikiliza bila kukaa.

"Yaani nimetia sahihi juu ya mzaha."

"Ndiyo, Madam."

"Na ukaapa juu yake."

"Sikuapishwa, Madam, niliulizwa tu…" Akajisikia anavyotafuta kichochoro. "Ndiyo. Nilidanganya."

Ilichukua siku tatu zaidi kupata nafasi mbele ya hakimu. Safari hii Kadii alisimama kizimbani, akaapa, akasoma kauli alizoandika upya mbele ya wanawake, moja moja, na ya Wangu pia, maana Wangu hakubadili neno: hakutaka. Ukumbi ulimngoja achekeshe, maana wengine waliikumbuka kauli ya jogoo. Hakimu aliuliza mara mbili, "Na kauli ya kwanza nani aliitunga?" na mara mbili Kadii akajibu, "Mimi." Hakimu akaamuru Janet arudishwe, alale peke yake katika chumba kilichokuwa stoo ya cherehani, mlango wake ukitazama ua wa wanawake, aoge saa yake, mpaka uamuzi wa mwisho. Kadii naye akafunguliwa kesi ya nidhamu kazini.

Janet alirudi Ijumaa alasiri. Nywele zilinyolewa zote. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba, na alipokaa kwenye benchi la upekuzi alikaa upande mmoja. Kadii ndiye aliyekuwa zamu. Mwenzake alipotoka kufuata kitabu, akaona ndiyo nafasi.

"Janet, dadangu. Nisamehe. Yale maneno yalikuwa yangu. Mama Zipporah alisema ubaki."

Janet alifunga na kufungua kishikizo cha gauni.

"Nilijua juzi. Wakili aliniambia." Akainua uso. "Kule mahakamani palikuwa na watu tele, afande. Hapa tuko wawili. Ukinitukana wajua kupaza sauti. Ukiniomba msamaha wanong'ona."

"Wataka niseme wapi?"

"Mimi sitaki kitu. Wewe ndiwe uliyeanza."

Saa kumi na moja ni saa ya kuhesabiwa. Wanawake wa wadi ya pili walitoka uani, wakachuchumaa wawili wawili kama ada. Janet alisimama mlangoni mwa stoo, hajui kama yumo au hayumo. Kadii alikuwa na kitabu cha hesabu. Akakishusha.

Akasema. Alisema kwa sauti iliyofika jikoni, ambako wenzake wa chai walikuwa wamesimama. Alisema aliwasikia wote vizuri na akaandika uongo kwa sababu watu sita walikuwa wanangoja kucheka. Alisema hakimu alimuuliza, naye akauthibitisha. Akamtaja Janet kwa jina, akamtaja Mama Zipporah, ila lile jambo la shambani hakuligusa.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyevu alitazama vidole vya miguu yake. Wangu alisema tu, "Tumesikia."

Mama Zipporah alimgeukia Janet. "Mwanangu, mimi bado naogopa. Nisikudanganye wewe pia. Lakini si mimi niliyekutuma kule."

"Najua, mama," Janet akasema.

Kisha mama mkubwa akamwambia Kadii, bila hasira na bila huruma, "Haya afande. Tuhesabu, miguu yauma."

Kadii akainua kitabu. Akaanza: wawili, wanne, sita. Alipofika mwisho akampata Janet, mmoja peke yake, akachanganyikiwa aandike kumi na mmoja au kumi na wawili. Akarudi akaanza upya kwa sauti, na macho ya wote kumi na wawili yakimfuata mstari hadi mstari, na yeye hakuthubutu kuyainulia yake.