Vidonge Vilivyomnyamazisha Siwema

Miaka ya hamsini, Siwema alipamba maharusi Kariakoo nzima, na hakuna biharusi aliyetoka mikononi mwake bila kucheka hadi machozi. Kwa hiyo mumewe Mrisho, fundi cherehani wa Mtaa wa Msimbazi, alipoanza kumkuta kila jioni amejilaza, ameukodolea macho ukuta, alijua kuna jambo.

Mwanzo kilikuwa kichwa. Kilimgonga kila akiamka, macho yakaingia kiwi, mpaka Mrisho akampeleka kwa Daktari Umakant. Daktari alimfunga mpira wa kipimo mkononi, akasikiliza, akakunja uso. Presha ilikuwa juu mno. Akampa vidonge vilivyotokana na mmea wa kwao India, na kweli, kichwa kikapoa.

Lakini Siwema akaacha kuimba. Akakataa harusi. Chakula akawa anakidonoa tu.

"Moyo umekuwa mzito," alisema, "wala sijui kwa nini."

Kijakazi, dada yake Mrisho, alisema ni pepo, apungwe. Mrisho nusura akubali. Alikuwa akikata kitambaa cha kanzu siku jambo lilipomjia: huzuni hii ilikuja nyuma ya vidonge. Akauacha mkasi mezani, akaenda kwa daktari.

Umakant alimsikiliza bila kumkatiza. "Si pepo, fundi. Nadhani ni dawa yangu. Wapo wanaopatwa hivi. Mimi nilikuwa nikiangalia presha tu."

Mrisho alitaka kufoka, lakini uso wa daktari ulikuwa umemshuka. Akauliza tu, "Sasa ugonjwa wenyewe unatoka wapi?"

"Mara nyingine kwenye figo. Likiona damu inayolifikia haitoshi, linamwaga kimeng'enya, nacho hukata kipande cha protini iliyomo ndani ya damu. Kisha kimeng'enya cha pili hukipunguza kipande kile, na hapo ndipo kinapata nguvu ya kubana mishipa. Mishipa ikibanwa, presha inapanda."

"Basi si mkizuie hicho cha pili!"

"Kimegunduliwa juzi tu, Bwana Mrisho. Dawa ya kukizuia bado haijapatikana."

Njiani Mrisho alitembea polepole. Kumbe figo halikuwa na ubaya. Linaomba damu tu, na kwa kuomba kwake linamuumiza mwenye nalo. Hilo lilimsumbua kuliko kama angeambiwa ni adui.

Kesho yake walirudi pamoja. "Nikiviacha naweza kupooza?" aliuliza Siwema.

"Inawezekana."

"Niachishe, Daktari. Hivi nilivyo, ni kama siishi."

Umakant akampunguzia kidogo kidogo, akamkataza chumvi, na akaagiza dawa mpya iliyokuwa ndiyo kwanza inatoka, ya kuitoa chumvi kwa mkojo. Wakati wa kuisubiri, Siwema akigusa paji la uso tu, Mrisho alisimamisha cherehani. Lakini asubuhi moja alimsikia akimzodoa muuza nazi barabarani, sauti juu, na sindano ikamponyoka.

Dawa mpya ilifika. Presha haikushuka kama mwanzo, ila ilishuka, na daktari akaridhika.

Walipokwenda kumpamba biharusi wa Kigamboni, Mrisho ndiye aliyebeba kikapu. Pale Magogoni, pantoni limeshatia nanga, Siwema akasimama ghafla.

"Tutachelewa, mke wangu!"

"Wacha tuchelewe," alisema, tayari akiangaza kutafuta choo. "Mimi siku hizi ni mfereji."