Mchezo wa Nyamizi

Nafumba macho kidogo tu, jamani, nimeketi kiti cha mbele ukumbini wanafunzi wakiwa wamekwenda kula, na kiti kinaanza kutembea. Kinanipeleka kwenye barabara isiyokwisha, huku majukwaa na kule majukwaa, na kila pazia linapofunguka namwona mwanafunzi wangu, hana uso, anasema maneno yangu kwa sauti yangu. Kwanza nafurahi, siwafichi. Miaka kumi na tisa nafundisha maigizo hapa chuoni. Nawaambia tungeni cha kwenu, kisha nashika kalamu nyekundu nawatungia mimi. Ndivyo nilivyomfanya Nyamizi. Alitunga mchezo juu ya msiba wa mama yake, na mwishoni anakaa kimya, anakunja kanga za marehemu, basi. Nikamwambia watazamaji watasinzia, nikamwandikia hotuba ya ukurasa mzima. Ameikariri yote. Tangu siku hiyo haongei na mtu, na onyesho ni kesho.

Barabara inajikunja, inanirudisha palepale nilipoanzia, ila kulia kumekuwa kushoto. Mbele yangu anasimama mtu asiye na uso, ameshika mswada, kama yule anayejificha nyuma ya pazia kuwakumbusha waigizaji maneno. Nyamizi yuko wapi? namuuliza. Yuko pale unaposema wewe, ananijibu. Usinichezee, bwana wee, namtafuta mtoto wa watu! Unamtafuta yeye, au hotuba yako? Loo, hasira zinanipanda, halafu zinaniisha, nabaki na aibu tupu. Nataka arudishiwe mchezo wake, nasema. Basi toa kilichokalia mahali pake, anasema, na mkono wake unakuja kooni mwangu. Naogopa, lakini sibishi. Kitu kinatoka, hakiumi, kinaacha baridi.

Nashtuka. Ukumbi ni ule, viti ni vile, wanafunzi wamerudi. Nyamizi yuko jukwaani anakunja kanga, moja, ya pili, ya tatu, polepole, bila neno, na hakuna anayekohoa. Tumsifu, mtundu wa darasa, analia waziwazi. Nasimama nimwambie ndivyo, mwanangu, ndivyo hasa, nisamehe. Mdomo unafunguka, sauti haitoki. Nyamizi anashuka, anakitazama kiti changu. Mwalimu yuko wapi? Nilitaka aone. Tumsifu anajifuta machozi: hatujamwona tangu tulipokwenda kula. Nawapungia mikono yote miwili, hakuna anayeniona. Sijui nimeamkia wapi. Turudie basi, anasema Nyamizi, huenda akatukuta, na anapanda tena jukwaani.