Gari Lililooshwa Kila Jioni

Pasikali alikuwa amechoka kabla safari haijaanza. Kazi hakuiogopa, kilichomchosha ni kutazamwa. Tangu oili ianze kupungua kwenye injini ya Landrova ya kliniki, watu wa bomani Kibondo walimsalimia wakiangalia mifuko yake kwanza, ndipo wakamtazama usoni.

Sista Stumai, muuguzi mkuu aliyeletwa kutoka Tanga, hakuwa mtu wa kelele. Asubuhi hiyo alipanda mbele, akapakata kasha la chanjo, akasema bila kumgeukia, "Mzee Pasikali, mwaka huu oili haipatikani hata kwa dawa. Kopo nalifungia mimi kabatini. Leo tumejaza mimi na wewe, na tukifika Kasulu tutapima mimi na wewe. Ikiwa imepungua, na chini ya gari pakavu kama siku zote, wakubwa niwaambie nini?"

"Waambie gari linakula, Sista."

"Nasikia Didas naye alisema linakula."

Pasikali akatia gia, wakaondoka. Didas ndiye aliyeliendesha gari hilo kabla yake. Oili ilipungua vilevile, naye akaapa kwamba hajauza hata tone. Wakubwa wa wakati ule walikwenda kulikagua asubuhi, wakakuta injini inang'aa na chini hakuna hata doa. Wakamwita Pasikali, siku hizo tarishi aliyekuwa akijifunza udereva kwa huyohuyo Didas, wakamuuliza kama amewahi kuliona likivuja. Akajibu hajaona. Lilikuwa jibu la kweli, na kulitamka hakukumgharimu kitu. Didas akaachishwa kazi, akarudi kwao Rungwe Mpya kushika jembe, na jina la mwizi wa oili akaenda nalo. Usukani akapewa Pasikali. Sasa zamu ilikuwa yake, na lile jibu la kweli lilikuwa limeanza kumsumbua usingizini.

Barabara ya kwenda Kasulu ni milima na mabonde, na Landrova ile ilikuwa imezeeka kupanda milima. Ilikohoa, ikanguruma, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua. Walipokaribia Rungwe Mpya, kwenye mpando mrefu, taa ya oili ikawaka nyekundu, ikazimika, kisha ikawaka moja kwa moja. Pasikali aliitazama kama mtu anayesomewa hukumu. Akazima injini, akashuka, akachomoa kijiti cha kupimia na kukinyanyua. Oili ilikuwa imeshika ncha tu.

Sista Stumai aliinama uvunguni. Vumbi jekundu, basi. "Pakavu," akasema, naye alionekana kuumia zaidi ya kukasirika.

"Tulijaza wote wawili, Sista. Nimeiuza saa ngapi nami niko na wewe ndani ya gari?"

"Hilo ndilo linalonichanganya. Lakini kule wataniuliza kuhusu miezi yote, si leo tu."

Mbele kidogo, kando ya barabara, palikuwa na nyumba ya udongo na shamba la muhogo. Pasikali aliijua. Tangu apewe usukani alikuwa akiipita mbio, bila kupiga honi, shingo imekaza kama haoni. Leo hakuwa na nguvu za kuona haya. Akaenda kwa miguu hadi uani, akabisha.

Didas alitoka ameshika jembe. Alikuwa amekonda. Walisalimiana kwa Kiha, kwa kirefu, wakashikana mikono na kuulizana habari za watoto, za mifugo na za mvua, kama adabu inavyotaka hata kwa watu wenye kinyongo. Kisha Pasikali akasema, "Mwalimu wangu, gari limenifanyia yaleyale. Kesho na mimi nitaitwa mwizi."

Aliyejibu ni Rosa, mkewe, aliyekuwa akichekecha unga wa muhogo mlangoni. "Pole, shemeji. Na wewe utafute mwanamke wa kukutunzia fedha za oili, kama mwenzio alivyokuwa naye huko Kibondo."

"Rosa," Didas akasema.

"Nimesema uongo? Mshahara ulifika hapa nusu, oili ikauzwa, na mimi sikuona hata khanga. Ilikwenda wapi?" Akaendelea kuchekecha. Hakuwa akigomba, aliyasema kama mtu anayerudia sala aliyoizoea.

Didas akaegemeza jembe ukutani, akafuatana na Pasikali hadi barabarani. Sista Stumai alipotajiwa jina la Didas alishtuka kidogo, akamsabahi kwa heshima. Pasikali akafungua boneti, na mkono wake, wenyewe bila kuamriwa, ukaenda chini ya kiti ukatoka na tambara na chupa ya mafuta ya taa.

"Unafanya nini?" Sista akauliza.

"Nasafisha kwanza, halafu tutazame."

"Unasafisha kabla ya kutazama?"

"Ndivyo ilivyo, Sista. Gari la Serikali haliwezi kuonwa chafu. Kila jioni, kabla ya kulilaza, naosha injini kwa mafuta ya taa, napangusa mpaka ing'ae. Asubuhi likikaguliwa, hakuna wa kuninyooshea kidole. Nilifundishwa hivyo."

"Na nani?"

Pasikali akamtazama Didas. Didas alikuwa amelitumbulia macho lile tambara. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu. Jioni ile ya kuamkia ukaguzi niliosha mara mbili."

Dereva hodari wa usafi kuliko wote pale bomani alikuwa amefuta ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe, akiudhani uchafu wa njia, jioni baada ya jioni, akamrithisha na mwanafunzi wake tabia hiyo kama mali. Pasikali alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Akakaa kwenye bampa.

Walipochungulia nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga na viti vya mbele, waliona kweli pamelowa. Ila palikuwa pamelowa pote, juu na chini, oili na vumbi vimekuwa tope moja, na hapakuonekana ilikoanzia. Didas alidhani ni sili ya nyuma ya krenki, mpira wa kuzuia oili ambao huwezi kuufikia bila kushusha giaboksi. Pasikali akaguna. Kushusha giaboksi njiani, kwa spana tatu?

Sista Stumai ndiye aliyefikiri. "Mama yangu alikuwa akitafuta ufa wa mtungi kwa unga. Anaukausha vizuri nje, anaupaka unga, anatia maji. Unga unapolowa kwanza, ndipo ufa ulipo."

Kwa hiyo safari hii waliosha kwa sababu. Wakapangusa mpaka chuma kikakauka. Sista akafungua kopo la akiba alilokuja nalo, akajaza oili kwa mkono wake, kisha akaenda mwenyewe kwa Rosa kuomba unga.

"Gari hili limenilia mume," Rosa akasema, "sasa linataka na ugali wangu." Lakini mgeni haombi mara mbili katika nyumba ya Muha. Akachota bakuli, na akaja nalo mwenyewe, maana alitaka kuona huo wazimu.

Walinyunyiza unga nyuma yote ya injini mpaka ikawa nyeupe. Pasikali akawasha, akapanda na gari mlima hadi juu, akageuza na kushuka, akapanda tena, injini ikiwa ya moto na inalia. Harufu ya muhogo wa kuungua ikamjaa puani. Alipanda huku akiomba livuje. Maisha yake yote ya udereva alikuwa hajawahi kuliombea gari ubaya.

Aliporudi wakafungua boneti. Kwenye ule weupe ulishuka mchirizi mmoja mweusi, unameremeta. Haukutoka chini kwenye sili. Ulianzia juu kabisa, kwenye ukingo wa nyuma wa kava la tapeti, kile kifuniko cha juu ya injini, mahali usipoweza kupaona ila uingize kichwa. Ukateremka mgongoni mwa injini hadi kwenye bomba la moshi, na huko oili ikawa inaungua na kupeperuka. Ndiyo maana haikufika chini. Injini ikipoa, mchirizi unakatika.

Walifungua nati tatu, wakavua kava. Gasketi ya kuzibia ukingo wake ilikuwa imekakamaa, na kwa nyuma imevunjika, kipande kizima hakipo. Didas akaomba boksi gumu la dawa, akaliwekea kava juu, akakata umbo lake kwa wembe, taratibu, kisha akalipaka grisi pande zote mbili. Mikono haikuwa imesahau. "Itawafikisha Kasulu," akasema. "Huko mtafute gasketi halisi."

Walinyunyiza unga upya, Pasikali akapanda tena ule mlima na kurudi. Unga ulibaki mkavu. Sista Stumai alishusha pumzi, akamwomba Pasikali radhi mbele ya watu. Akaongeza kuwa atawaeleza wakubwa, na habari ya Ndugu Didas pia.

Pasikali alitegemea atafurahi. Amepona, jina lake safi. Badala yake alimgeukia mwalimu wake. "Didas," akasema, "waliniuliza, nikajibu sijaona."

"Hukuona," Didas akajibu. "Hata mimi sikuona. Lakini nilijua sikuuza."

Rosa alikuwa bado amesimama na bakuli tupu. Hakumtazama Sista wala Pasikali. Alinyoosha kidole ndani ya boneti, akakigusisha pale penye mabaki ya ule mchirizi wa kwanza, akakitazama kilivyotoka cheusi.

"Kwa hiyo hapakuwa na mwanamke," akasema.

"Hapakuwa," Didas akasema. "Mshahara walikuwa wakinikata kufidia oili. Nilikuambia, Rosa."

"Uliniambia." Alikaa chini palepale barabarani, vumbini, akajifunika uso kwa khanga. "Kila siku uliniambia."