Mkojolesha Farasi

Kipaji changu ndicho kilichoniponza. Wenzangu wa mwaka wa nne wa udaktari wa mifugo wamemaliza msimu mzima wa mashindano ya farasi wakishona vidonda, wakisikiliza mapigo ya moyo, wakifunga bandeji. Mimi nimekojolesha farasi.

Sisemi kwa mafumbo. Farasi akishinda, huletwa kwenye zizi la vipimo akojoe, mkojo upimwe kama alipewa dawa za kusisimua misuli. Mtu husimama ubavuni mwake na kikombe kilichofungwa kwenye fimbo, akipiga mluzi wa taratibu mpaka mnyama akumbuke haja yake. Siku ya kwanza nilipiga mluzi, farasi akaachia papo hapo, na Daktari anayetusimamia akanipigia makofi. Tangu siku hiyo, kila nikiomba kazi nyingine ananikabidhi fimbo.

"Daktari, jamani, na mimi nijifunze kutoa damu."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema, akicheka peke yake. "Haya, inama."

Nyumbani ndiko kwenye balaa zaidi. Mama amewatangazia majirani na mashangazi zangu wote kwamba bintiye anatibu farasi. Kila jioni anapiga simu: "Umetibu wangapi leo, mwanangu?" Nami najibu, "Wachache tu, mama," huku nanuka mkojo tangu viatu hadi nywele.

Yakabaki mashindano ya mwisho, ya masafa marefu, kisha mtihani wa vitendo. Asiyeweza kutoa damu kwenye mshipa wa shingo anarudia mwaka, na mimi mshipa huo nilikuwa nimeuona vitabuni tu. Ila kuna kanuni: farasi asipokojoa mpaka muda uishe, hutolewa damu badala yake. Daktari alikuwa ameniahidi mbele ya wenzangu kwamba ikitokea hivyo, sindano ni yangu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi siku hiyo nililitia kwa makusudi.

Mshindi aliletwa, farasi jike mwenye paji jeupe, pamoja na mmiliki wake aliyempanda, mama mmoja mrefu mwenye haraka. "Fanyeni upesi, lori linatusubiri," alisema. Nikapiga mluzi wa ovyo, mluzi wa mtu asiyetaka kuitikiwa. Jike akatanua miguu, akainua mkia, akajikamua. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, wapi! Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Leo umeishiwa pumzi?" Daktari akatazama saa, muda umekwisha, akanipa sindano. "Haya, mshipa huo hapo. Usitetemeke."

Nikabana kwa kidole gumba, na mshipa ukajaa vilevile nilivyousoma. Wakati huohuo matone machache yakadondoka kwenye majani makavu. Hakuna aliyeyatazama isipokuwa mimi, kwa sababu msimu mzima sikuwa nimetazama kitu kingine. Yalikuwa na rangi ya kahawa.

Nikapeleka mkono kwenye paja lake. Lilikuwa gumu kama ubao. Misuli ikiharibika kwa kazi nyingi hutoa rangi ile, na rangi ile huua figo. Jike yule angepakiwa kwenye lori na kutikiswa njia nzima, asingefika. Na mimi nilikuwa na sindano mkononi, mara ya kwanza katika maisha yangu, na mshipa umenijaa chini ya kidole. Nilikasirika hadi machozi yakanilenga. Nikauachia.

"Daktari, huyu asipakiwe. Tazama majani."

Akatazama, akagusa paja, na kicheko chake kikaisha. Zizi likajaa watu. Dripu ikaletwa, na unadhani nani aliitwa kuingiza sindano yake? Mwenzangu mmoja asiyeweza kupiga mluzi hata wa kumwita mbwa! Mimi nikarudishiwa fimbo.

"Lazima tujue rangi inavyobadilika," Daktari alisema. "Na hakuna mwingine anayeweza kumkojolesha."

Nikapiga mluzi, safari hii kwa moyo wangu wote. Kikombe cha kwanza kilikuwa kahawa tupu. Vilivyofuata vikaanza kufanana na chai ya rangi, kisha chai nyepesi. Mama mrefu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, haraka zake zote zimekwisha, akivitazama vikombe vyangu mkono mdomoni.

Simu ikaita. Nikaegemeza fimbo ukutani.

"Umetibu wangapi leo, mwanangu?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Mama, mimi sitibu. Nakojolesha farasi. Napiga mluzi, wanakojoa. Ndiyo kazi yangu."

Akauliza, "Mluzi gani?"

Nikampigia palepale simuni.

"Ah! Si ndio niliokuwa nakupigia wewe ukojoe ulipokuwa mtoto," akasema. "Nani mwingine kakufundisha?"

Kabla sijamjibu, jike naye akausikia. Akatanua miguu. Kikombe kilikuwa mbali nami, na aliyekuwa karibu ni Daktari peke yake. Akaikwapua fimbo, akainama mpaka kofia ikamdondoka, akadaka.

"Njano!" akapaza sauti kutoka kule chini. "Njano safi! Kesho asubuhi figo zake zinapimwa. Damu utatoa wewe, na fimbo uiache nyumbani."

"Nani huyo anayepiga kelele?" mama akauliza.

"Ni Daktari, mama. Ameinama."